Ruhusa ya Kulitazama Kaburi

Nianze na aibu yangu, kwa sababu ninavyojijua, nikiiweka mwisho nitaipunguza. Nina faili la kijani lenye sheria za droni za nchi hii. Nimezichapa mwenyewe, nikazitoboa, nikazitenga kwa karatasi za rangi: bluu kwa umbali, njano kwa faragha, nyekundu kwa viwanja vya ndege. Hakuna aliyeniagiza. Droni yangu haifiki hata robo kilo, naitia kwenye mfuko wa koti na watu hawajui kama ninayo. Lakini mimi ni mtu wa kusoma maelezo ya nyuma ya chupa ya sabuni kabla ya kuosha sahani. Nikikosea jambo dogo silali. Nikikosea kubwa naumwa tumbo siku tatu.

Kurusha nilijifundisha kwa video za bure. Droni yangu ya kwanza iliishia juu ya paa la jirani, na ya pili niliipata kwa kujinyima chakula cha mchana. Siku za kazi napanga miadi ya wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Jumamosi napiga picha mapaa kwa ajili ya mkandarasi mmoja wa Queensbury, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kinawashinda wapwa zangu waliozaliwa hapa. Yeye anataka kuona vigae vilivyovunjika bila kupanda ngazi. Mimi nampa picha za vigae zilizonyooka hata yeye anacheka. Anasema sijawahi kuona paa, naona picha za pasipoti za vigae. Nilikasirika alipolisema hilo. Baadaye nikaona alikuwa sahihi, na hilo likaniudhi zaidi.

London kila mtu ni mwanasheria wa droni. Ukiitoa tu mfukoni, anatokea mtu wa kukwambia kwamba imekatazwa. Hajasoma hata ukurasa mmoja, ila amesikia. Anakwambia hayo akiwa amesimama chini ya kamera ya kituo, ameshuka kwenye basi lenye kamera mbele, nyuma, juu na chini, anarudi nyumbani kwenye mtaa ambao kila mlango una jicho la kioo linalorekodi watoto wa wenzake wakienda shule. Hizo hazimsumbui, zimebanwa ukutani. Kinachomtisha ni chenye mabawa. Nimewadharau watu hawa kwa muda mrefu, na sioni sababu ya kuacha.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu Wembley, kwa mzee mmoja na mkewe, Wapemba walioondoka kwao zamani wakaja kuzeekea hapa. Hawakujaaliwa mtoto. Mimi ni mwanamke Mkristo wa Morogoro, lakini mama yule hakuwahi kunifanya nijione mgeni. Aliniita mwanangu, nami nilimwita Mama. Mwanzoni mwa baridi mzee akafariki. Kesho yake wanaume wakamzika kwenye makaburi ya pembezoni mwa jiji, upande wa kaskazini, sehemu ya Waislamu. Kwa desturi yao wanawake hawaendi kuzika, kwa hiyo Mama alibaki nyumbani na wenzake, na siku ile ile akaanza eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila pambo, bila kutoka ila kwa dharura.

Siku ya tatu ya matanga, mwanaume mmoja aliyekuwa akivaa viatu ukumbini alisema kwa sauti kwamba kule walizika kwenye tope, walipochimba maji yalikuwa yakija juu. Wenzake wakamnyamazisha, wamechelewa. Mama alikuwa nyuma ya pazia la sebule na mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Hakulia. Alinitazama tu, kama mtu aliyeambiwa treni imekwishaondoka.

Tangu siku hiyo kila mwanaume aliyekuja kumpa pole aliulizwa swali moja: pale alipolazwa pakoje? Na kila mmoja alijibu, "Pazuri, alhamdulillahi." Hakuna aliyesema pana mti au pana mteremko. Wanaume kumi na kadhaa, wote wamesimama pale na macho yao, wamerudi na neno moja. Nilifika mahali pa kulichukia neno pazuri.

Mmoja wa hao kumi na kadhaa alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, anayekaa Thornton Heath, mwisho mwingine kabisa wa jiji. Yeye ndiye aliyeshughulikia mazishi yote, na hilo silikatai. Lakini wiki ile ile ya matanga alikuja na koti lake la kahawia lenye kofia na bisibisi mkononi, akafunga kengele ya kamera mlangoni, kwa usalama, alisema, mwanamke hawezi kukaa peke yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nadhani sikuhesabiwa. Kuanzia hapo kila kilichosogea mlangoni kililia kwenye simu yake. Alipiga kuuliza nani yule mwenye koti jekundu. Alikuwa mpeleka dawa. Alipiga kuuliza kwa nini mlango umefunguliwa mara mbili asubuhi. Tulikuwa tunatoa taka. Siku moja akamuuliza Mama mpangaji wake anabeba nini kwenye begi kila Jumamosi. Nilisikia kazi yangu ikielezwa kwenye simu na mjane, kwa upole, kama anayenitetea mahakamani.

Nilimwambia Mama anaweza kukitoa kile kidude. Akasema nyumba ya msiba haianzishi ugomvi. Kisha akaongeza, akikunja khanga zake:

"Lakini ajue. Miye nakaa eda ya mume wangu. Sikai eda ya mdogo wake."

Kitu kingine kilichotokea wiki hiyo kilikuwa kidogo, na nakitaja kwa sababu kitarudi. Kopo jekundu la plastiki ambalo mzee alikuwa akitawadhia lilipotea bafuni. Mpini wake ulikuwa umevunjika, mzee akaufunga kwa utepe wa bluu. Mama alilitafuta mpaka kwenye kabati la viatu. Aliniuliza mimi kama sikulitupa kwa kudhani ni takataka, lakini aliuliza vizuri. Nikamnunulia jipya. Akashukuru, akaliweka chini ya sinki, hakulitumia.

Jumapili moja nilipanda mabasi mawili nikaenda makaburini na simu. Nilipiga picha arobaini na moja. Nikazisawazisha mwanga nyumbani, na hapa nakiri jambo: penye kidimbwi kidogo juu ya kaburi nilipunguza mng'aro ili maji yasionekane sana. Nilijiambia natengeneza rangi. Mama alizipitia zote arobaini na moja, polepole, akarudia, akanirudishia simu.

"N'naona udongo, mwanangu. Sioni pahala."

Akaniuliza kaburi liko juu au bondeni. Mvua ikinyesha maji yanatokea upande gani, yanaelekea wapi. Nilisimama pale saa nzima na sikuweza kujibu hata moja. Nilikuwa nimepiga pasipoti za udongo. Basi kwa aibu, na kwa kutaka kuonekana ninafaa, nikamwambia ninacho kitu kinachoruka, kitamwonyesha pale kama mtu aliyesimama dirishani orofani. Alifurahi kiasi kwamba nikaogopa.

Mtu mwingine angeenda kesho yake akarusha. Mimi niliandika barua pepe.

Ofisi ya makaburi ilichukua wiki mbili kunijibu kwamba barua yangu ni muhimu kwao. Baadaye ikaja fomu. Walitaka bima, ramani, na maelezo mafupi ya jinsi nitakavyolinda heshima ya wafiwa. Kwa maelezo mafupi niliandika kurasa tisa. Nilichora mishale. Niliandika kwamba mtu yeyote akitokea kwenye picha, nitaigeuza kamera papo hapo. Sentensi hiyo niliipenda sana, nikaiwekea wino mzito. Afisa alijibu kwa mistari miwili: asante, na je, ninayo saini ya mwenye hati ya kaburi?

Mwenye hati ya kaburi alikuwa mtu wa Thornton Heath. Kwa karatasi zao mjane hana kauli; kauli anayo aliyetia saini kaunta. Afisa hakuona ajabu yoyote hapo. Nilimwandikia kwamba huyu ni mke, walikaa ndoani tangu ujana, yuko eda, hawezi kuja. Akanitumia kiungo cha ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Nilikifungua. Nilisoma maswali yote. Eda haikuwemo.

Nikampigia shemeji. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye kikaratasi, pamoja na "Shikamoo". Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa hotuba:

"Maiti ana sitara yake, binti. Kaburi si paa la nyumba."

Halafu akaongeza kwamba nchi hii ina sheria kali za kupeleleza watu, na kwamba kama sizijui nimuulize. Faili langu la kijani lilikuwa mapajani. Nilitamani kumsomea karatasi za njano zote. Mtu aliyemfungia mjane jicho mlangoni, anayehesabu mara ngapi taka imetolewa, ananifundisha sitara! Sikumsomea. Nilisema asante, nikakata simu, nikaenda kulia bafuni, mbele ya lile kopo jipya.

Hivyo ndivyo wiki zilivyopita. Mimi naandika, afisa anashukuru, shemeji hatii saini, mvua inanyesha. Kila mvua ilipoanza, Mama aliacha alichokuwa akifanya akasogea dirishani. Hakuniuliza nimefikia wapi. Angeniuliza ningejitetea, kwa kuwa hakuuliza, sikuwa na pa kujificha.

Mwezi wa tatu wa eda nilipata jawabu, na lilikuwa kwenye faili langu siku zote. Mwenye ardhi anaweza kunikataza kupaa na kutua kwenye ardhi yake. Anga iliyo juu yake si yake. Ilimradi nirukie nje ya ukuta, kimo kisizidi kiwango, droni isitoke machoni pangu, nisiingie eneo la uwanja wa ndege na nisimkaribie mtu, sheria haina neno nami. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo zaidi ya mara ishirini. Kwenye pambizo nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko mzuri: "muhimu". Wiki zote hizo nilikuwa nikiomba ruhusa ambayo sikuihitaji, kwa sababu naona raha kuruhusiwa. Nimeshawadharau watu wengi katika maisha yangu, lakini siku hiyo nilikuwa mbele ya foleni.

Nikaomba likizo ya siku moja, Jumanne, siku ambayo nilidhani makaburini hapana watu. Nyuma ya uzio wa makaburi kuna njia ya wapita kwa miguu na uwanja wa majani. Nilipofika mvua ilikuwa imekatika. Nilivaa fulana ya njano yenye kung'aa, nikaweka kibao cha onyo, nikakagua mabawa. Akaja mwanaume mwenye mbwa.

Aliniambia imekatazwa. Nikasema hapana. Akasema napiga picha wafu, hilo ni kosa, atapiga simu polisi. Nikamfungulia faili kwenye karatasi ya bluu. Akasema hana haja ya kusoma, anajua. Kisha akatoa simu akaninyooshea, akanirekodi uso mzima, mimi na faili langu, bila kuniomba, ili apate ushahidi kwamba mimi ndiye ninayerekodi watu bila kuwaomba. Hakuliona hilo. Nilimtazama usoni nikihakikisha, na ninaapa hakuliona. Mbwa alinusa kibao changu cha onyo, akakikojolea, wakaondoka.

Nikarusha.

Kutoka juu nilielewa kwa nusu dakika nilichoshindwa kuelewa kwa saa nzima nikiwa nimesimama pale. Sehemu nzima ni mteremko. Upande wa juu una njia ya magari. Maji yanatoka njiani, yanapita kati ya mistari ya makaburi, yanakwenda kukusanyika chini kabisa, penye mti mmoja mkavu ulioinama. Makaburi ya chini yalikuwa yanang'aa kama trei. La mzee lilikuwa katikati. Na pembeni yake alikuwa amechuchumaa mtu.

Kamera ilitakiwa igeuke. Niliahidi kwa wino mzito. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kidhibiti, kisha nikalitambua lile koti la kahawia lenye kofia, na kidole hakikusogea.

Alikuwa shemeji, siku ya kazi, saa nne asubuhi, kutoka Thornton Heath. Suruali imelowa mpaka magotini, viatu vya ofisi. Alikuwa anachota maji juu ya kaburi kwa kopo, anayamwaga pembeni, anachota. Akaliweka kopo chini, akashika mwiko wa bustani, akaendelea kuchimba kimfereji ambacho, kwa urefu wake, hakikuchimbwa siku moja. Makaburi yale yana kibao getini kinachokataza kuchimba. Nilikuwa nimekipiga picha.

Nilikaa mbali naye kama kanuni inavyotaka. Kwa umbali sikuvunja kitu, na ndio uchafu wenyewe: nilibaki ndani ya sheria, nikaivuta picha karibu, na nikamrekodi dakika nne. Sikuwa na huruma. Nilikuwa na furaha. Nilisema kwa sauti, peke yangu kwenye majani: nimekupata. Ndiyo maana hutii saini. Unaogopa ofisi ikuone unachimba, unaogopa mjane ajue maji yapo, na bado unatuuliza nani mwenye koti jekundu. Kuna wakati aliinua kichwa, kama aliyesikia nyuki, akatazama upande mwingine, akarudia kazi.

Nikiwa kwenye basi nilipanga jinsi nitakavyomwonyesha Mama, nikasubiri uso wake ubadilike. Nilipofika mtaani kwetu nikaiona kengele ya mlangoni inawaka taa yake ya bluu kwa ajili yangu, na ushujaa ukaniishia. Nikakumbuka kwamba anaweza kumwambia shemeji yake anifukuze, yaani shemeji anaweza kumwambia Mama; hata sasa nikiandika hofu inanichanganyia sentensi. Nikapanda chumbani nikakata video. Nilitengeneza mbili. Moja yenye yeye, moja safi, picha nimeibana mpaka yeye akabaki nje ya ukingo: makaburi, mteremko, mti, kaburi, hakuna mtu. Nilijiambia ile safi ni kwa sababu ya karatasi za njano. Ilikuwa kwa sababu ya kodi nafuu na chumba chenye dirisha.

Nikamwonyesha ile safi, kwenye kompyuta, mezani jikoni. Nilikuwa nimekata kwa ustadi wangu wote. Mama alivaa miwani. Droni ilipopanda na makaburi yote yakafunguka chini yake, aliweka kiganja mdomoni. Akanyoosha kidole, akafuata mteremko kwenye kioo, kutoka njiani mpaka mtini, kama anayesoma mstari.

"Kumbe liko katikati," alisema. "Bondeni si kwake."

Kisha akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Tena. Pembeni ya kaburi palikuwa na nukta nyekundu ambayo mimi, mtu wa pasipoti za vigae, sikuiona. Nikaikuza kwa amri yake. Kopo. Mpini una bluu.

"Hilo kopo langu," alisema.

Nilianza kusema kwamba makopo yanafanana.

"Hapa lipo, hapa halipo. Umekata, mwanangu. Nani kalishika?"

Basi nikafungua ile nyingine. Nilikaa nikiutazama uso wake badala ya kioo, kwa sababu nilikuwa bado naisubiri zawadi yangu: amwone alivyo mwongo. Alitazama dakika zote nne bila kupepesa. Aliitazama suruali, viatu vya ofisi. Alipoliona kopo likiingia majini alisema, polepole, kwamba marehemu alimtawadhisha mdogo wake kwa kopo hilo, mwaka ambao mdogo huyo alivunjika mkono. Kisha akainama mbele, na uso ukabadilika kweli, lakini si kwa namna niliyoipanga.

"Yaa, huyu mjinga. Anachimba juu."

Sikuelewa. Akanionyesha kwa kidole kilekile. Kimfereji kilikuwa upande wa njia. Udongo wa kaburi umetitia, alisema, kila kaburi hutitia. Maji yale ni ya juu, hayajamfikia mtu. Yanataka kutolewa chini, penye mti. Huyu anayafungulia mlango yaingie. Anachota kwa kopo yale anayoyaleta kwa mwiko. Kijijini kwao mtoto wa miaka saba angejua. Pale chini, akiwa amechuchumaa kwenye tope, asingeweza kuona; ilibidi uwe juu. Alisema hivyo na akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kicheko kifupi cha dharau ambacho mimi sijawahi kukifikia hata siku zangu nzuri.

Akauliza kama shemeji yake anajua amepigwa picha. Nikasema hapana.

"Basi mfute. Hakuniomba nimtazame."

Nilimfuta mbele yake, video ile na rekodi ya mwanzo, mpaka kwenye kapu la takataka la kompyuta. Dakika nne nzuri kuliko zote nilizowahi kurekodi. Nakiri iliniuma.

Mama alikwenda ukumbini, akajifunika vizuri khanga ya pili, akafungua mlango. Hakuvuka kizingiti. Aliinama tu mpaka uso wake ukawa mbele ya kengele, karibu sana. Kule Thornton Heath, au popote alipokuwa mwenye viatu vilivyolowa, lazima ilionekana pua na miwani. Taa ya bluu ikawaka. Haikupita muda sauti ya shemeji ikatoka ndani ya kile kidude, yenye mikwaruzo.

"Shemeji, kuna nini? Rudi ndani, baridi."

"Narudi. Sikiliza kwanza. Kaburi nimeliona. Ule mfereji uzibe, uchimbe upande wa chini, maji yatoke. Na siku ya tope vaa mabuti ya mpira, usinipe msiba wa pili."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikisubiri shemeji ataje droni, ataje sheria, ataje mpangaji. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Kopo n'talirudisha."

"Kaa nalo," Mama alisema. "Hili jicho lako ndilo linalorudi. Linang'olewa sasa hivi."

Akanigeukia, akaomba bisibisi. Ninayo, bila shaka, seti nzima, imepangwa kwa ukubwa. Nilichagua inayofaa, nikaanza. Skrubu mbili tu, moja imepinda. Shemeji mwenyewe aliifunga vibaya na akaiacha hivyo hivyo, mimi nisingeiacha. Nilipoitoa ya pili kidude kikaniangukia kiganjani, kioo kikitazama juu, kwenye kidevu changu, na taa bado inawaka. Sijamsamehe, nataka hilo lijulikane. Nilikuwa nakitafuta kitufe cha kukizimia pale shemeji aliposema tena, haraka haraka, kama mtu anayeona mlango unafungwa.

"Shemeji. Upande wa chini, penye ule mti?"

Mama alikuwa ameshafika nusu ya ukumbi. Hakugeuka.

"Mwambie ndiyo," alisema. "Penye mti."

Nikamwambia.